Vioo vya Gari Linalojengwa Bodi Upya: Kuanzia Kiolezo hadi Kufunga

Karakana za Arusha na Nairobi zinazorefusha Land Cruiser kwa ajili ya watalii hufanya kazi kubwa kwenye chesisi na paa, lakini madirisha mara nyingi huachwa mwisho. Bodi ikishachomelewa na kupakwa rangi ndipo fundi vioo anapoitwa atafute kioo kitakachokaa kwenye tundu lililokwisha kukatwa. Hapo ndipo yanapozaliwa madirisha yanayogonga njia nzima, yanayoingiza vumbi na maji, na mabaya zaidi, yanayovunjika vipande virefu vyenye ncha mbele ya uso wa abiria. Mwongozo huu unashikilia utaratibu wa kinyume chake: aina ya kioo na njia ya kukifunga huamuliwa kabla bati halijaguswa, kiolezo hutengenezwa kabla kioo hakijanunuliwa, na kila tobo, kila mkato na kila pembe hukamilishwa kabla kioo hakijaingia kwenye tanuri. Nimechukua gari la safari kuwa mfano kwa sababu madirisha yake ni makubwa na njia zake ni mbaya, ila hesabu ni zilezile kwa anayeweka madirisha kwenye HiAce ya mizigo au anayelijenga upya Land Rover la zamani.

Kukitambua kioo ulicho nacho

Kwenye gari kuna vioo vya aina mbili kuu, na hakuna kazi yoyote ya kukata inayoweza kuanza kabla hujajua unashika kipi. Cha kwanza ni kioo cha tempa, kinachotumika kwenye milango, ubavuni na nyuma ya magari mengi. Kioo hiki hutiwa moto hadi zaidi ya nyuzi 600 za selsiasi, kisha hupulizwa hewa kwa nguvu pande zote mbili. Uso hupoa na kuwa mgumu kwanza. Sehemu ya ndani hupoa baadaye, na inaposinyaa huuvuta uso, hivyo kioo hubaki kikiwa kimebanwa kwa nje na kuvutwa kwa ndani. Mvutano huo ndio unaokipa nguvu ya takriban mara nne ya kioo cha kawaida chenye unene uleule, na ndio huohuo unaokifanya kisikatike. Ukikikwaruza kwa almasi, ukikitoboa au ukikisaga ukingoni kwa kina, nguvu zilizofungwa ndani hufunguka kwa mkupuo na kioo chote kugeuka punje ndogondogo. Hakuna ujanja wa maji, mafuta wala mwendo wa polepole unaobadilisha jambo hili, na fundi anayeahidi kukupunguzia kioo cha mlango sentimita mbili anakuahidi kitu kisichowezekana.

Cha pili ni kioo cha lamineti, ambacho ndicho kioo cha mbele cha magari ya leo. Hiki ni vioo viwili vyembamba, kila kimoja milimita 2 na kitu, vilivyogandishwa pamoja na utando wa plastiki ulio katikati, ambao kwa kawaida una unene wa milimita 0.76. Kikipigwa hupasuka lakini vipande hubaki vimeshikwa na utando. Kwa kuwa tabaka zake hazikutiwa tempa, kioo hiki kinakatika, tena ndicho pekee kati ya hivyo viwili unachoweza kukipunguza karakanani.

Alama iliyochapwa pembeni mwa kioo hujibu maswali mengi. Magari yanayotoka Japani, ambayo ndiyo mengi katika barabara zetu, mara nyingi huwa na maandishi TEMPERLITE kwenye vioo vya tempa na LAMISAFE kwenye vya lamineti. Vioo vilivyoidhinishwa kwa kanuni ya kimataifa namba 43 huwa na herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa idhini, na namba ya Kirumi II karibu na alama hiyo huonyesha kioo cha mbele cha lamineti cha kawaida. Kwenye vioo vilivyotengenezwa kwa masharti ya Marekani utaona AS1, ambacho ni cha lamineti, kinaruhusiwa mbele na hupitisha angalau asilimia 70 ya mwanga. AS2, kinachofaa mahali pengine pasipokuwa mbele. Au AS3, ambacho ni cheusi zaidi. Alama ikiwa imefutika, tazama ukingo wa kioo: cha lamineti huonyesha mstari wa utando katikati. Unaweza pia kuvaa miwani ya jua ya polaraizi na kukitazama kioo kwa mshazari mchana, kwa maana cha tempa huonyesha madoa au michirizi iliyopangika inayotokana na matundu ya hewa ya tanuri.

Aina ya tatu haitoki kiwandani ikiwa ndani ya gari, bali huingizwa na watu. Hiki ni kioo cha kawaida cha madirisha ya nyumba, kinachouzwa kwa bei nafuu kila mji na kukatwa kwa dakika chache. Nasema bila kusitasita kwamba hakina nafasi katika gari lolote, hata dirisha likiwa dogo, hata gari likiwa la shambani. Kikivunjika hutoa vipande virefu kama visu, na katika gari linalopinduka vipande hivyo hurushwa kwa kasi ileile ya miili ya watu waliomo. Kukibandika tinti hakukigeuzi kuwa kioo cha usalama. Utando huo hushika baadhi ya vipande, lakini kioo chenyewe hubaki dhaifu na kingo zake hubaki zikikata. Ukinunua gari lililokwisha kubadilishwa bodi, pitia kila kioo ukitafuta alama, na kisichokuwa na alama yoyote kitilie shaka hadi kithibitishwe.

Kupanga kabla ya kukata bati

Keti na mchoro wa ubavu wa gari na ujiulize kila dirisha lina kazi gani: kutazamia tu, kufunguka kwa kuteleza, au kuwa mlango wa dharura. Swali la dharura husahauliwa kuliko yote. Kioo cha tempa kinaweza kuvunjwa kwa nyundo ndogo ya ncha na watu wakatoka. Cha lamineti hupasuka lakini hubaki mahali pake. Plastiki ya polikaboneti haivunjiki kwa nyundo kabisa. Mtu anayejaza ubavu wote kwa lamineti au polikaboneti kwa kuhofia wizi anaweza kuwa amewafungia abiria ndani ya gari lililolala kwa ubavu. Kila upande, basi, ubaki na angalau dirisha moja kubwa la tempa au linalosukumwa nje kwa mkono, na nyundo iwekwe mahali inapoonekana.

Kisha tazama mifupa ya bodi. Nguzo na mbavu zilizo ndani ya bati hubeba paa, na kwenye gari lililorefushwa hubeba pia msokoto unaotokana na matuta ya njia kama zile za kuelekea Serengeti, ambako gari hutetemeka kwa saa nyingi mfululizo. Ubavu ukikatwa ili dirisha liwe pana, lazima fremu ya chuma ichomelewe kuzunguka tundu lote na kuunganishwa na nguzo zilizobaki, la sivyo tundu litabadilika umbo kila gari linapoingia shimoni na kioo ndicho kitakachobeba mzigo. Dirisha pana mno lisilo na nguzo katikati hupendeza kwenye picha, ila mimi huona ni afadhali madirisha mawili yenye nguzo imara kati yake. Pembe za tundu ziwe za mviringo, si za mraba, kwa kuwa bati na kioo vyote viwili huanza kupasuka kwenye pembe kali.

Uzito nao una hesabu yake. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene, kwa hiyo kioo cha milimita 5 kina kilo 12.5 kwa mita ya mraba. Vioo hivyo vinakaa juu ya gari ambalo tayari limeongezewa paa la kuinuka na rafu ya mizigo. Usiongeze unene kwa kudhani unaongeza usalama. Milimita 4 au 5 za tempa hutosha madirisha mengi ya ubavuni.

Mabadiliko ya bodi yana upande wa sheria pia. Kenya, NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) ndiyo inayohusika na ukaguzi na kumbukumbu za gari, na kiwango cha KS 372 kinahusu ujenzi wa bodi za magari ya abiria. Tanzania, usajili wa magari uko chini ya TRA, mamlaka ya mapato. Uliza kabla ya kukata, na uijulishe kampuni ya bima, kwa sababu gari lisilofanana na maelezo ya kadi yake huleta shida siku ya ajali.

Kiolezo na vipimo

Usipime tundu kwa futi ya utepe pekee. Tundu lililochomelewa kwa mkono haliwi mraba kamili, na tofauti ya milimita 4 kati ya ulalo mmoja na mwingine inatosha kukwamisha kioo. Chukua plaiwudi nyembamba au hadibodi, ikate iingie kwenye tundu kwa ulegevu unaohitajika, kisha andika juu yake upande wa nje, upande wa juu, mbele ya gari, unene wa kioo na rangi yake. Pima pale tu bati litakapokuwa limekwisha kupakwa rangi ya kuzuia kutu na rangi ya mwisho, maana tabaka za rangi hupunguza nafasi na huongeza unene wa mdomo wa bati unaoingia kwenye raba.

Kwa kioo kinachofungwa kwa raba yenye mifereji miwili, mmoja wa bati na mmoja wa kioo, nunua raba kwanza na upime unene wa sehemu inayotenganisha mifereji hiyo. Ikiwa ni milimita 5, kioo kiwe kidogo kuliko tundu kwa milimita 5 kila upande, yaani milimita 10 kwa upana na 10 kwa urefu. Pembe hufuata hesabu hiyohiyo: tundu lenye pembe ya nusu kipenyo cha milimita 80 linahitaji kioo chenye pembe ya 75. Raba nyingi hukunjamana zikipitishwa kwenye pembe iliyobana sana, kwa hiyo jaribu kipande kwenye kiolezo kabla ya kuamua.

Dirisha la kuteleza lina hesabu nyingine, na hapa ndipo magari ya safari hukosewa zaidi. Kioo huingizwa kwa kuinuliwa ndani ya reli ya juu kisha kushushwa kwenye reli ya chini, kwa hiyo reli ya juu lazima iwe na kina kikubwa zaidi. Tuseme reli ya chini ina kina cha milimita 10 na ya juu 20, na kutoka sakafu ya mfereji wa chini hadi dari ya mfereji wa juu ni milimita 620. Kioo kikatwe milimita 608: ukikiinua hadi juu, ukingo wa chini unapita mdomo wa reli kwa milimita 2, na ukikishusha kinabaki kimeshikwa juu kwa milimita 8. Ukiongeza urefu hakiingii. Ukipunguza sana kitang'oka siku gari litakaporuka tuta. Vioo viwili vinapokutana katikati vipandiane kwa milimita 25 hadi 30, na katikati yake pawekwe brashi ya manyoya ya kuzuia vumbi. Reli iwe na kitambaa laini ndani, na reli ya chini itobolewe matundu ya kutolea maji kuelekea nje. Kioo cha milimita 900 kwa 608 chenye unene wa milimita 5 kina karibu kilo 7, uzito ambao reli za alumini za kabati la nyumbani hazikutengenezwa kuubeba njiani.

Kuagiza kioo cha tempa

Viwanda vinavyotia vioo tempa viko Nairobi na Dar es Salaam, na vingi hutumikia zaidi majengo. Waulize mapema kama wanaweza kuchapa alama ya usalama inayokubalika kwa magari na siyo ya majengo tu, kwa sababu mkaguzi ataitafuta. Peleka kiolezo chenyewe, siyo vipimo kwenye karatasi. Hakikisha umeonyesha tobo la kila skrubu, nafasi ya kitasa na mkato wa kidole cha kuvutia, kwa kuwa baada ya tanuri hakuna kinachoongezwa.

Matobo yana masharti yanayotumika viwandani na yafaa uyajue kabla ya kuchora. Kipenyo cha tobo kisiwe kidogo kuliko unene wa kioo. Umbali kutoka ukingo wa tobo hadi ukingo wa kioo usiwe chini ya mara mbili ya unene, na kutoka ncha ya pembe usiwe chini ya mara sita. Kwa kioo cha milimita 5, basi, tobo la milimita 4 halikubaliki, na tobo lililo milimita 7 kutoka ukingoni linaweza kukipasua kioo ndani ya tanuri. Kingo zote zisagwe na kulainishwa kabla ya kutiwa tempa, hata zitakazofichwa ndani ya raba, maana ukingo ndio udhaifu wa kioo hiki: uso wake huvumilia kishindo kikubwa, lakini pigo dogo la chuma ukingoni humwaga kioo chote chini.

Kikifika, kiweke kwenye kiolezo, tazama kingo kama zimemeguka, na kisimamishe juu ya mbao au raba. Kukisimamisha kioo cha tempa juu ya vigae au zege wakati wowote ule ni hatari ya bure.

Kukata kioo cha lamineti

Kazi hii inafaa kwa kioo bapa. Kioo cha mbele cha Land Rover Defender ya zamani ni bapa na hufungwa kwa raba, na ndiyo maana wanaojenga magari hayo hupata kioo kipya kwa kukata bamba la lamineti bila taabu kubwa. Nunua bamba la lamineti la magari, siyo kipande kilichong'olewa kwenye gari lililoanguka, kwa sababu kioo cha zamani kina mikwaruzo ya mchanga isiyoonekana na ufa hupenda kuifuata.

Vaa miwani ya kinga, glovu nene zinazofika kwenye kifundo na viatu vilivyofunikwa. Tandika zulia juu ya meza iliyo sawa, safisha kioo pande zote mbili, na weka mstari upande mmoja ukitumia kiolezo. Geuza kioo na uweke mstari wa pili kwa kupima upya kutoka ukingo uleule. Usiufuate mstari wa kwanza kwa kuuchungulia, kwa kuwa unene wa kioo hudanganya jicho ukitazama kwa mshazari, na mistari miwili isiyolingana huacha ukingo wenye ngazi.

Chovya gurudumu la kikatio kwenye mafuta ya taa au mafuta mepesi, shikilia rula isiteleze, na upitishe mara moja tu kwa mkandamizo usiobadilika kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mlio wake uwe mwembamba na wa kuendelea. Ukirudia juu ya mstari uleule unaharibu ukingo wa kioo na gurudumu pia, na ufa utaenda unakotaka. Geuza kioo, ukigonge polepole au ukibonyeze kwa upande wa pili sambamba na mstari hadi uone ufa ukikimbia. Sasa kwaruza upande huu wa pili, geuza tena, na ufungue ufa wake kwa njia ileile. Tabaka zote mbili zitakuwa zimekatika huku utando ukizishika.

Kilichobaki ni utando. Mafundi wengi humwaga spiriti kwenye ufa na kuiwasha ili plastiki ilainike. Njia hiyo hufanya kazi, lakini mwali wa spiriti hauonekani juani, na karakana ina petroli, thina na matambara ya rangi kila kona. Sipendekezi ifanywe ndani ya karakana hata siku moja. Tumia mashine ya hewa moto ile ya wabandika tinti, pasha mstari kidogo kidogo kwa kusogea bila kusimama mahali pamoja, vuta vipande viachane kwa upana wa unywele, kisha pitisha wembe mpya. Joto likirundikana mahali pamoja kioo hupasuka mbali na mstari, au utando huingia mapovu yasiyotoka.

Mikato ya kupinda kwa nje hufanywa kwa mistari kadhaa ya kupunguza, kipande baada ya kipande. Mikato ya kupinda kwa ndani na kioo chenye mbonyeo, kama cha mbele cha gari lililoshushwa paa, ni kazi nyingine kabisa. Hapo hutumiwa gurudumu jembamba la almasi linalomwagiwa maji muda wote, kioo kikiwa kimelazwa juu ya kitanda kinachofuata umbo lake, au upepo wa mchanga unaokula kioo taratibu huku sehemu nyingine ikiwa imefunikwa. Hata kwa mikono mizuri vingine hupasuka, kwa hiyo mwenye gari aelezwe gharama ya kioo cha pili kabla ya kazi kuanza. Kioo cha mbele chenye kamera, kitambuzi cha mvua au nyaya za antena ndani yake kisikatwe.

Malizia kingo kwa msasa wa maji, ukianza na namba 80, kisha 120, kisha 220, kwa mkono au kwa mashine ya mkanda yenye maji. Usisage kikavu, kwa kuwa joto hupasua na vumbi la kioo huumiza mapafu. Ukingo uliokatwa sasa una utando ulio wazi, na utando huo hunyonya unyevu. Katika hewa ya Mombasa, Tanga au Zanzibar utaona baada ya muda ukungu mweupe ukiingia kutoka pembeni. Ukaushe vizuri na uuzibe kwa silanti (gundi ya kuzibia) isiyo na asidi. Silikoni yenye harufu ya siki isitumike hapa: asidi yake inaweza kuudhuru utando na huleta kutu kwenye bati.

Mahali pa polikaboneti

Polikaboneti ni nyepesi, karibu nusu ya uzito wa kioo, na haivunjiki kwa jiwe. Inafaa kwa madirisha madogo ya juu, paa la kutazamia na vizuizi vya ndani. Haifai mbele, kwa kuwa wiper na vumbi huikwaruza hadi dereva asione kitu jua linapompiga usoni. Chagua bamba lenye kinga ya jua na uweke upande uliokingwa nje. Karatasi ya kiwandani huonyesha upande huo, hivyo usiibandue mapema.

Kosa la kawaida ni kuifunga kama kioo. Mita moja ya polikaboneti hurefuka karibu milimita 0.07 kwa kila nyuzi moja ya joto, yaani milimita 3.5 ikitoka baridi ya alfajiri hadi jua kali lililoipandisha joto kwa nyuzi 50. Matobo yawe mapana kuliko skrubu kwa milimita 3 au 4, washa ziwe za raba, na skrubu zikazwe kwa kiasi cha kuishika tu. Ioshwe kwa maji na sabuni laini. Petroli, thina na dawa za vioo zenye amonia huipasua nyufa ndogondogo.

Kufunga

Kwa raba, ivalishe kwenye kioo kwanza, pitisha kamba imara ndani ya mfereji wa bati kuzunguka kioo chote na uache ncha zake mbili zipishane katikati ya ukingo wa chini. Paka maji ya sabuni, mtu mmoja akisukume kioo kutoka nje kwa viganja huku mwingine akiivuta kamba kutoka ndani, taratibu, akiiongoza raba ipande juu ya mdomo wa bati. Ikikataa mahali, simama utafute sababu. Mara nyingi ni tundu dogo au doa la kulehemu ambalo halikusagwa. Bisibisi inayotumiwa kuilazimisha raba ndiyo inayoacha kioo kikiwa na ufa wa pembeni utakaoonekana wiki moja baadaye. Ufito wa kufungia, kwa raba zilizo nao, huingizwa mwisho.

Kwa gundi ya yurethani usafi ndio kazi yenyewe. Mabaki ya silikoni ya zamani yaondolewe yote, maana yurethani haishiki juu yake. Bati lililokwanguliwa lipakwe praima (rangi ya msingi inayoshikisha gundi), na ukingo wa kioo upakwe praima nyeusi kwa upana wa gundi, kwa kuwa jua likipenya kwenye kioo na kuipiga gundi moja kwa moja huidhoofisha. Kata mdomo wa bomba umbo la herufi V ili gundi isimame kama pembetatu ya milimita 10 hadi 12, izungushe bila kukatiza, kisha kalisha kioo juu ya vipande vya raba vya milimita 5. Nafasi hiyo ndiyo inayomeza msokoto wa bodi. Kioo kisiguse chuma popote. Yurethani hukauka kwa unyevu wa hewani, hivyo hewa kavu ya nyanda za juu huichelewesha kuliko ya pwani. Fuata saa zilizoandikwa kwenye bomba kabla ya kuliendesha gari, na acha dirisha moja wazi milango inapofungwa, ili shinikizo la hewa lisisukume kioo kibichi.

Gundi ikishakauka, mwagia maji kuanzia chini kwenda juu, mtu akiwa ndani na tochi, kwa sababu ukianzia juu hutajua maji yaliyoonekana chini yameingilia wapi. Kisha endesha gari kwenye njia ya vumbi na utazame mistari ya vumbi ndani ya madirisha. Baada ya wiki chache za kazi kagua tena pembe za raba, skrubu za reli na kingo za lamineti, na dirisha lolote la kuteleza lililoanza kugonga liongezewe kitambaa cha reli kabla ukingo wa kioo haujameguka.